Likizo ya Misri Kutokea Dar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila mtu wa Dar anapoanza kuwaza Misri: piramidi, Mto Nile, na siku mbili tatu za kujilaza ufukweni. Yamepangwa kuanzia yale ya mwanzo hadi yale ya mtu ambaye tiketi tayari ipo mkononi.

## Kabla ya kuamua

1. Bahari tunayo, magofu yapo Kilwa. Kwa nini nihangaike hadi Misri?

Kama unachotafuta ni mchanga, usihangaike. Mchanga wa Hurghada, mji wa ufukweni wa Misri, hauushindi wa Mafia wala wa Zanzibar, na bahari yetu ina uvuguvugu mwaka mzima. Na kama hujafika Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, au hata Kaole pale Bagamoyo, anza na huko. Ni aibu ndogo kumsimulia mtu habari za Karnak, mahekalu ya kale ya Luxor, wakati Kaole hujaiona.

Misri inatuzidi kwa mambo mawili. La kwanza ni umri. Piramidi Kuu ya Giza ilijengwa takriban mwaka 2560 KK; Ibn Battuta alipofika Cairo mwaka 1326, tayari ilikuwa na karibu miaka 3,900. La pili ni kile kilicho chini ya maji ya Bahari ya Shamu. Sehemu nyingi matumbawe yanaanza hatua chache tu kutoka ufukweni, na maji ni maangavu kiasi kwamba unawaona samaki ukiwa bado umesimama. Kwa hiyo nenda kwa ajili ya historia, na baharini ingia na miwani ya maji.

2. Siku ngapi zinatosha?

Nane hadi kumi, ukihesabu na za kusafiri. Mgawanyo unaofanya kazi ni siku tatu Cairo, tatu Luxor na Aswan (miji ya kusini yenye mahekalu na makaburi ya kale), mbili au tatu baharini. Ukiwa na siku tano, baki Cairo na uongeze Luxor peke yake. Ukiwa na chini ya hapo, Cairo inakutosha kabisa. Wanaolazimisha kila kitu ndani ya siku nne hurudi wamechoka na picha nyingi za viwanja vya ndege.

3. Niende mwezi gani?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanapanga kwa kalenda ya shule. Shule zikifungwa Juni, Luxor na Aswan joto linapita nyuzi 40, na Bonde la Wafalme, yaliko makaburi ya mafarao huko Luxor, ni mawe matupu bila mti hata mmoja. Usilinganishe na jua la Dar. Letu lina unyevu na unatoka jasho. La kule ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na unashtukia kichwa kinauma kwa kupungukiwa maji.

Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili. Likizo ya Desemba inaangukia humo humo, ila wiki ya Krismasi na mwaka mpya bei za hoteli na meli hupanda, maana Wazungu nao wanakimbia baridi yao. Kitu ambacho mtu wa Dar hajajiandaa nacho ni usiku: Cairo mwezi Januari inashuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Beba sweta la kweli, si kile kikoti cha kwenye basi la mikoani.

Mwezi Machi na Aprili huvuma khamasin, upepo wa jangwani unaojaza vumbi angani. Hauji kila siku, lakini ukija piramidi zinapotea machoni.

Kama Juni au Julai ndiyo nafasi pekee mliyonayo, geuza mpango: siku nyingi baharini, Cairo asubuhi, na Luxor siku moja tu mkianza saa 12 asubuhi, bonde linapofunguliwa.

4. Nianze na historia au na bahari?

Historia kwanza, bila ubishi. Makaburi na mahekalu yanataka kuamka alfajiri, kutembea na kusikiliza maelezo. Ukishalala ufukweni siku mbili, mwili haurudi kwenye kazi hiyo. Kutoka Luxor hadi Hurghada kwa gari ni kama saa nne, kwa hiyo njia inajipanga yenyewe: Cairo, Aswan, Luxor, Hurghada.

## Pasipoti, visa na ndege

5. Mtanzania anahitaji visa?

Ndiyo, na iombwe mapema kupitia Ubalozi wa Misri hapa hapa Dar es Salaam. Usitegemee visa ya kugongewa uwanja wa ndege kwa sababu umemwona mtalii wa Ulaya kwenye video akifanya hivyo; masharti yake si yako. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Andaa pia picha, taarifa ya benki, uthibitisho wa hoteli, tiketi ya kwenda na kurudi, na barua ya mwajiri au nyaraka za biashara yako.

Ushauri wa bure: weka nafasi ya tiketi na hoteli zinazoweza kufutwa, pata visa, kisha ndipo ulipie moja kwa moja. Kuna mawakala wanaokuambia "lipa tu, visa ni uhakika". Visa si ya wakala.

6. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima?

Beba cheti, mwisho wa maneno. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kwenda kuchanja jana yake ni bure. Ukiwa na cheti cha zamani usikitupe: tangu Julai 2016 kinahesabika cha maisha, hata kama kwenye karatasi imeandikwa miaka 10.

Malaria haipo kule. Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri nchi isiyo na malaria Oktoba 2024. Lakini ukipata homa ukiwa Cairo, mwambie daktari kwamba umetoka Tanzania, maana huenda umetoka nayo nyumbani na yeye hatakuwa na sababu ya kuiwazia.

7. Ndege ya moja kwa moja ipo?

Ipo. EgyptAir inaunganisha Dar na Cairo, na safari ni kati ya saa tano na sita. Kupitia Addis Ababa wakati mwingine ni nafuu, ila angalia muda wa kusubiri. Tiketi ya nafuu inayokulaza kwenye kiti cha uwanja wa ndege saa tisa si nafuu kama una watoto.

## Fedha

8. Nibebe fedha gani?

Dola zilizo safi na za toleo jipya, pamoja na kadi ya benki. Shilingi yetu iache nyumbani, hakuna dirisha litakaloichangamkia. Badilisha kidogo kidogo upate pauni za Misri benki au kwenye duka rasmi la kubadilishia fedha, wala si kwa kijana wa mlangoni mwa hoteli.

Kadi si anasa. Sehemu nyingi kubwa za kihistoria sasa tiketi inalipwa kwa kadi tu. Unaweza kufika getini na bahasha ya noti na usiingie. Kabla ya kuondoka, iambie benki yako unakwenda Misri na uhakikishe kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Pesa ya kwenye simu uliyoizoea haitakusaidia.

Angalia noti ya 50. Kuna ya pauni 50 na kuna ya piasta 50, yaani nusu pauni. Ujanja wa zamani ni kukurudishia chenji ya piasta ukidhani ni pauni. Soma noti, usisome namba peke yake.

9. Bajeti nipigeje?

Usianze na kifurushi cha wakala. Anza na vitu vitano: ndege ya kimataifa, usafiri wa ndani, malazi, tiketi za kuingilia na waongozaji. Kinachosahaulika ni tiketi. Mgeni hulipa bei ya mgeni, na kuwa Mwafrika hakupunguzi kitu. Halafu tiketi moja haifungui kila mlango: kuingia ndani ya Piramidi Kuu hulipiwa zaidi ya tiketi ya eneo, na Bonde la Wafalme tiketi ya kawaida ni ya makaburi matatu, huku la Tutankhamun na la Seti wa Kwanza yakilipiwa mbali. Mwanafunzi aende na kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi. Kinapunguza tiketi nyingi kwa nusu.

Chakula ndicho kitakachokufurahisha. Sahani ya koshari, mchanganyiko wa wali, dengu, tambi na mchuzi wa nyanya wenye vitunguu vya kukaanga juu, inashibisha mtu mzima kwa hela ndogo.

10. Hii bakshishi inaisha lini?

Haiishi. Anayekuonyesha njia, anayekufungulia mlango wa choo, anayekuwashia taa kaburini, wote wanaitegemea. Weka noti ndogo ndogo mfuko wa peke yake na utoe kwa aliyekusaidia kweli. Asiyekusaidia mjibu "la, shukran" na uendelee kutembea bila kusimama. Ukisimama kujieleza, umeshanunua.

## Historia

11. Piramidi nitazimaliza kwa siku moja?

Giza, nusu siku inatosha. Piramidi Kuu, ya Farao Khufu, ilikuwa na urefu wa karibu mita 146. Leo ni kama 138 kwa sababu kilele na mawe ya kufunikia vimeondoka. Kwa zaidi ya miaka 3,800 hakuna jengo la binadamu lililoizidi kimo.

Kuingia ndani? Ujue unachokinunua. Ni njia nyembamba ya kupanda, sehemu nyingine unainama kabisa, hewa nzito, na mwisho wake ni chumba kitupu chenye sanduku la jiwe. Hakuna michoro. Mwenye magoti mabovu, presha au hofu ya sehemu finyu abaki nje bila kujisikia vibaya, kwa sababu michoro yote ataiona Luxor.

Kuhusu ngamia: bei ya kupanda na bei ya kushuka ni mazungumzo mawili tofauti. Kubalianeni zote mbili mkiwa chini. Au achana naye upande mabasi ya umeme yanayozunguka eneo hilo.

12. Makumbusho ni mengi. Niende lipi?

Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, karibu na piramidi, lilizinduliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025, na ndilo lenye hazina ya Tutankhamun, zaidi ya vitu 5,000, pamoja na kile kinyago cha dhahabu. Ukiwa na nafasi ya moja tu, liwe hilo. Tenga siku yake. Kulibana jioni baada ya piramidi ni kujidhulumu.

La zamani la Tahrir, lililofunguliwa mwaka 1902, bado lipo na bado lina vitu vya kutosha. La tatu, la Fustat, ndilo lenye wafalme wenyewe. Tazama swali linalofuata.

13. Ni kweli maiti ya Firauni wa Nabii Musa ipo na unaweza kuiona?

Swali hili huulizwa misikitini na makanisani kwa pamoja. Jibu la uangalifu ni hili: maiti za mafarao zipo, zilihamishwa kwa msafara mkubwa Aprili 2021 kutoka Tahrir kwenda Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, Fustat, na miongoni mwao yumo Ramses wa Pili na mwanawe Merneptah. Hao ndio hutajwa mara nyingi kuhusiana na kisa cha Musa. Lakini Biblia na Kurani hazimtaji Firauni huyo kwa jina lake la utawala, na wanahistoria hawajakubaliana ni nani. Mwongozaji akikuapia kwamba "ndiye huyu", anakupa imani yake.

Tutankhamun hayumo humo. Mwili wake umebaki kaburini mwake, Bonde la Wafalme, ambako mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alilifumbua kaburi hilo Novemba 1922.

14. Luxor nisikose nini?

Karnak, Bonde la Wafalme, na hekalu la Hatshepsut kule Deir el-Bahari. Hilo la mwisho wengi hulipiga picha kwa mbele na kuondoka, na wanakosa ukuta ambao sisi ndio tungepaswa kuusimamia kwa muda mrefu kuliko wote. Malkia huyu, aliyetawala karne ya 15 KK, alituma meli kwenda nchi ya Punt, na safari ilichongwa ukutani: nyumba za Punt zimesimama juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi, miti ya ubani inabebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani wanaranda juu ya kamba za meli. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wa Pembe ya Afrika na pwani ya kusini ya Bahari ya Shamu. Si Dar, basi, ingawa kuna mwongozaji atakayekuambia hivyo akishajua umetoka wapi.

Jioni tembea Barabara ya Masfinksi, yaani sanamu za simba wenye kichwa cha mtu au cha kondoo, karibu kilomita tatu kati ya Karnak na Hekalu la Luxor, iliyofunguliwa upya Novemba 2021.

15. Meli ya Mto Nile ina maana, au ni mbwembwe?

Ina maana. Usiku tatu au nne kati ya Aswan na Luxor, unalala na kula mle mle, na meli inasimama kwenye mahekalu ya Kom Ombo na Edfu ambako vinginevyo ungekodi gari. Sehemu ya maji hayo yametoka Ziwa Victoria, ila mengi zaidi hushuka kutoka milima ya Ethiopia, kwa hiyo mtu wa Mwanza asidai mto mzima.

16. Abu Simbel ni mbali. Niende?

Ni kilomita 280 kutoka Aswan, zaidi ya saa tatu kwenda na tatu kurudi, na mnaondoka usiku. Nenda. Ramses wa Pili alilichonga hekalu ndani ya mlima, na kati ya 1964 na 1968 lilikatwa vipande na kupandishwa juu zaidi ya mita 60 lisimezwe na maji ya Bwawa Kuu la Aswan. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua la asubuhi hupenya hadi chumba cha ndani kabisa; siku hizo kuna msongamano, weka nafasi mapema sana.

17. Na sehemu za dini?

Kwa Wakristo, shuka kituo cha metro cha Mar Girgis, Cairo ya Kikopti: Kanisa la Kuning'inia na Kanisa la Abu Serga, ambako mapokeo yanasema Familia Takatifu ilipumzika. Kwa Waislamu, Msikiti wa Al-Azhar ulioanza kujengwa mwaka 970. Mlima Sinai, mita 2,285, na monasteri ya Mtakatifu Katarina ya karne ya sita, hufikiwa kwa urahisi ukiwa Sharm el-Sheikh au Dahab. Ukipanda usiku kusubiri jua, baridi yake ni ya kweli (swali la 3).

## Bahari

18. Hurghada, Sharm, Dahab au Iskandaria?

Hurghada kwa anayetoka Luxor na kwa familia: hoteli kubwa, chakula na vinywaji vimo kwenye bei. Sharm el-Sheikh kwa wapenda matumbawe, kwa sababu Hifadhi ya Ras Mohammed iko karibu. Dahab ni ndogo, tulivu na nafuu, ya vijana. Iskandaria, kwenye Mediterania, usiende kuogelea. Nenda kula samaki, kuona ngome ya Qaitbay iliyojengwa pale uliposimama mnara maarufu wa kuongozea meli, na maktaba mpya ya mwaka 2002.

Februari maji ya Bahari ya Shamu yako kwenye nyuzi 21 au 22. Kwa Mzungu ni raha. Wewe utapiga kelele.

19. Sijui kuogelea. Nitafanya nini?

Usione haya, wengi wetu tumekulia karibu na bahari na hatujui. Vaa boya la kifuani, shika kamba ya mwongozaji, weka uso majini na mrija wa kupumulia. Matumbawe ya juu juu yanaonekana vizuri hivyo. Kuna pia boti za sakafu ya kioo. Vaa viatu vya majini na usikanyage matumbawe, yanakata na yanakufa.

20. Nivae nini?

Ndani ya hoteli ya ufukweni vaa unavyotaka. Mjini, mabega na magoti yafunikwe. Mwanamke abebe mtandio kwa ajili ya misikiti. Kanga mbili zinafanya kazi zote hizo na hazina uzito.

## Mambo ya pembeni

21. Saa, umeme na simu?

Wakati wa baridi Misri iko saa moja nyuma yetu. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba wanasogeza saa mbele na tunakuwa sawa. Plagi zao ni za pini mbili za duara, kwa hiyo nunua adapta Kariakoo kabla ya kuondoka. Laini ya simu inapatikana uwanja wa ndege kwa pasipoti. Jifunze tarakimu za Kiarabu, ٠ hadi ٩, kwa sababu bei nyingi mitaani zimeandikwa hivyo.

22. Nikiangukia Ramadhani?

Sehemu za kihistoria hufungwa mapema na migahawa mingi ya mitaani hulala mchana. Usiku Cairo inawaka taa hadi alfajiri. Kwa anayefunga, ni safari nzuri sana, ila punguza ratiba kwa theluthi.

23. Mwanamke akisafiri peke yake?

Inawezekana na wengi wanafanya. Maneno ya kero mitaani yapo; usijibu, endelea. Metro ya Cairo, ya kwanza Afrika, iliyoanza mwaka 1987, ina mabehewa ya wanawake peke yao. Usiku tumia teksi za kuitwa kwa programu ya simu, bei unaijua kabla ya kupanda.

24. Nasafiri na mtoto bila baba yake (au mama yake).

Beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyoshuhudiwa na wakili. Unaweza usiulizwe. Ukiulizwa huna, dirisha la Uhamiaji si mahali pa kuanza kupiga simu.

25. Naweza kupeleka droni?

Hapana. Itazuiliwa forodhani. Picha za simu zinaruhusiwa karibu kila mahali, isipokuwa askari, madaraja na majengo ya serikali.

26. Ganda la kombe, kipande cha tumbawe, "kisanamu cha kale" cha bei poa?

Acha vyote. Kuchukua matumbawe ni kosa, na Sheria namba 117 ya mwaka 1983 inakataza kutoa vitu vya kale nchini. Kisanamu cha sokoni karibu kila mara ni cha juzi, lakini hutaki kulithibitisha hilo mbele ya afisa ndege ikiwa inaita abiria. Ukikinunua, dai risiti.

27. Nimepiga mbizi na mtungi siku ya mwisho, ndege ni usiku. Shida?

Ndiyo, shida kubwa. Gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji huhitaji muda kutoka. Ukipanda ndege mapema hutengeneza mapovu ndani ya damu na viungo. Acha saa 18 kwa uchache, bora 24, kati ya mbizi ya mwisho na ndege. Hii haihusu kuelea juu kwa mrija (swali la 19). Huko unaweza kutoka majini, ukaoga na kwenda moja kwa moja uwanja wa ndege.